Mota ya mashine ya kusaga haiungui bila sababu: namna ya kuikinga na hitilafu za umeme na joto

Mashine ya kusaga ikinyamaza, kijiji kizima husikia. Madebe ya mahindi yanabaki yamepangwa mlangoni, akina mama wanajadiliana kama wasubiri au wabebe mzigo kichwani hadi kijiji cha jirani, na mwenye mashine anapiga hesabu kimoyomoyo. Fundi akifika, jibu huwa fupi: "Mota imeungua." Wengi huishia hapo, kana kwamba kuungua kwa mota ni ajali isiyo na sababu.

Tangu Wakala wa Nishati Vijijini (REA) uanze kazi mwaka 2007, umeme umefika katika vijiji vingi, na mashine nyingi zilizokuwa zikiendeshwa kwa injini ya dizeli sasa zinaendeshwa kwa mota. Injini ya dizeli hulalamika kabla ya kufa: hutoa moshi, hugonga, huvuja mafuta. Mota hulalamika kwa sauti ndogo, na usipojua kuisikiliza utashtukia harufu tu.

Katika makala haya tunaeleza kinachounguza mota, vifaa vinavyoweza kuizuia isiungue, na mambo ambayo wewe mwenye mashine au mwendeshaji unaweza kuyafanya bila kugusa waya. Kazi ya kufungua boksi la umeme mwachie fundi mwenye leseni ya EWURA. Lakini ukielewa mambo haya, utajua cha kumuuliza fundi huyo na cha kudai akufungie.

Joto ndilo linaloua mota

Ndani ya mota kuna waya za shaba zilizosukwa kwenye koili. Kila waya umepakwa utando mwembamba wa vanishi ili waya zisigusane shaba kwa shaba. Utando huo ndio uhai wa mota. Ukiungua, waya zinagusana, umeme unapita njia ya mkato, na koili inakuwa nyeusi.

Utando huharibiwa na joto, na joto hutokana na ampea, yaani wingi wa umeme unaopita kwenye waya. Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui: ampea zikiongezeka kidogo, joto linaongezeka sana. Mota ikivuta ampea zaidi kwa asilimia 20, joto linalozalishwa kwenye koili linaongezeka kwa asilimia 44. Ampea zikiwa mara mbili, joto linakuwa mara nne.

Mafundi wa mota wana kanuni moja ya zamani: kila nyuzijoto 10 za Selsiasi zinazozidi kiwango cha mota, umri wa utando hupungua kwa nusu. Koili ambayo ingedumu miaka 10 inadumu 5. Ukizidisha nyuzi 10 nyingine, inadumu miaka miwili na nusu. Ndiyo maana mota inayoungua leo huenda ilianza kuumia msimu wa mavuno uliopita.

Anza kwa kusoma kibati

Kila mota ina kibati kidogo cha chuma kilichobanwa ubavuni. Kisafishe vumbi ukisome, kisha kipige picha kwa simu yako, kwa sababu siku moja kitafutika au kitapakwa rangi. Tafuta mambo matatu.

Kwanza, nguvu: imeandikwa kwa kilowati (kW) au nguvu za farasi (HP). Kilowati 15 ni kama HP 20. Pili, volti: umeme wa njia tatu nchini Tanzania ni volti 400 kati ya fezi na fezi, na umeme wa njia moja ni volti 230. Tatu, ampea: hiki ndicho kipimo muhimu kuliko vyote. Mota ya kilowati 15 ya fezi tatu huandikwa karibu ampea 29, na ya kilowati 11 karibu ampea 21. Namba hiyo ndiyo mpaka. Mota ikivuta zaidi ya hapo kwa muda mrefu, inajipika.

Fezi moja ikikatika

Mota ya fezi tatu hulishwa na nyaya tatu zinazogawana kazi. Tawi likiangukia laini, fyuzi moja ya kwenye transfoma ikikatika, au nati moja ikilegea kwenye swichi yako, fezi moja inapotea na mbili zinabaki.

Kama mota ilikuwa imesimama, haitazunguka. Itanguruma tu, huku ikivuta umeme mwingi sana. Izime mara moja. Kuendelea kuijaribu kwa dakika chache kunatosha kuiunguza.

Kama mota ilikuwa inazunguka, hali ni ya hila zaidi, kwa sababu itaendelea kuzunguka na unga utaendelea kutoka. Lakini fezi mbili zilizobaki sasa zinabeba kazi ya tatu, na ampea zake hupanda hadi kama mara 1.7 ya zile za awali. Kwa hesabu tuliyoieleza juu, joto kwenye waya hizo linakuwa karibu mara tatu. Utasikia mlio wa mota umekuwa mzito na utaona mashine imepungua kasi. Mwendeshaji aliyezoea mashine yake huitambua sauti hiyo. Aliyeajiriwa wiki iliyopita haitambui.

Mashine nyingi zina taa tatu ndogo ukutani: nyekundu, njano na buluu, moja kwa kila fezi. Ziangalie kila unapotaka kuwasha. Ila ujue kwamba mota ikiwa tayari inazunguka, taa hizo zinaweza kukudanganya. Mota inayozunguka kwa fezi mbili huzalisha umeme kiasi kwenye fezi iliyokatika, na taa yake ikabaki inawaka. Kwa hiyo taa ni za kuangalia kabla ya kuwasha. Mashine ikiwa kazini, tegemea masikio yako na vifaa vya ulinzi.

Umeme hafifu na fezi zisizolingana

Jioni, watu wanapowasha taa, televisheni na pasi, volti za kijiji kilicho mwisho wa laini zinaweza kushuka. Mota haijui hilo. Mahindi ni yale yale, kazi ni ile ile, hivyo inavuta ampea zaidi ili kufidia volti zilizopungua. Wakati huo huo nguvu yake ya kuzungusha inashuka: volti zikipungua kwa asilimia 10, kutoka 400 hadi 360, nguvu hiyo inapungua kwa karibu asilimia 19. Mota inachoka na inapata joto kwa pamoja.

Mota nyingi zimeundwa kuvumilia tofauti ya volti ya asilimia 5, na kwa muda mfupi hata 10. Kama umeme wenu hushuka kila jioni, saga asubuhi na mchana, na toa taarifa TANESCO mkiwa na vipimo vilivyoandikwa kwa tarehe na saa. Taarifa yenye namba ina uzito kuliko malalamiko matupu.

Tatizo jingine ni fezi kutolingana. Fezi moja ikibebeshwa nyumba nyingi kuliko nyingine, volti zake hushuka peke yake. Tofauti ya asilimia 1 tu katika volti inaweza kuleta tofauti ya asilimia 6 hadi 10 katika ampea za mota. Ndiyo maana fundi anayejua kazi hupima fezi zote tatu, haridhiki na moja.

Mzigo, vumbi na kuwasha ovyo

Sababu nyingine hazitoki kwenye nguzo. Zimo humo humo ndani ya banda la mashine.

Mahindi yenye unyevu, chekeche iliyoziba, nyundo zilizolika na mkanda uliokazwa kupita kiasi, yote humfanya mwendeshaji aidai mota nguvu isiyo nayo. Dawa nzuri hapa ni mita ya ampea iliyofungwa ukutani, mahali mwendeshaji anapoiona. Weka alama nyekundu kwenye namba ya kibati. Sindano ikikaribia alama, punguza mahindi yanayoingia. Ikishuka, ongeza. Kwa njia hiyo mashine inasaga kwa nguvu yake yote bila kuvuka mpaka.

Vumbi la unga nalo ni adui wa kimya. Mota hupozwa na feni iliyo nyuma yake, inayosukuma hewa kwenye mapezi ya chuma. Mapezi yakijaa unga, mota inakuwa kama mtu aliyefunikwa blanketi saa sita mchana. Kila jioni, swichi kuu ikiwa imezimwa, fagia mapezi na kifuniko cha feni kwa brashi kavu. Usimwagie maji. Usiianikie magunia juu yake, na acha nafasi ya hewa kati ya feni na ukuta. Kumbuka pia kwamba unga uliotanda hewani unaweza kushika moto, kwa hiyo usafi wa banda ni usalama wa watu kabla ya kuwa usalama wa mota.

Kisha kuna kuwasha na kuzima. Mota inapoanza kuzunguka huvuta mara 5 hadi 8 ya ampea za kibati kwa sekunde kadhaa. Kuizima kila mteja anapoondoka na kuiwasha kila mwingine anapoingia ni kuipikia joto juu ya joto. Kusanyeni madebe, kisha sageni kwa mfululizo. Na washa siku zote kinu kikiwa kitupu.

Fyuzi peke yake haitoshi

Tunasikia mara nyingi: "Mota yangu ina fyuzi, kwa nini imeungua?" Jibu liko kwenye ampea za kuwashia. Mota ya ampea 29 inaweza kuvuta ampea 150 hadi 230 inapoanza. Fyuzi au sakiti breka lazima iruhusu umeme huo upite, la sivyo mashine haitawaka kamwe. Sasa, kifaa kinachoruhusu ampea 150 kwa sekunde kadhaa hakitashtuka mota ikivuta 40 mchana kutwa. Lakini 40 hizo ndizo zinazoiua.

Kazi ya fyuzi na breka ni kukata umeme waya zinapogusana, ili moto usiwake kwenye nyaya. Hiyo ni kazi kubwa, na anayefunga kipande cha waya mnene mahali pa fyuzi anachezea maisha ya watu. Ila kwa mzigo uliozidi kidogo kidogo, mota inahitaji mlinzi mwingine.

Mlinzi huyo ni ovalodi

Ovalodi ni kifaa kidogo kinachofungwa chini ya kontakta, ile swichi ya sumaku inayowasha mota. Ndani yake mna vipande vya metali vinavyopinda vikipata joto. Ampea za mota hupita humo. Zikizidi, vipande vinapinda taratibu, vinasukuma kitufe, na kontakta inaachia. Zikizidi kidogo, hukata baada ya muda. Zikizidi sana, hukata ndani ya sekunde chache. Ovalodi nyingi za fezi tatu hukata pia fezi moja inapopotea.

Ovalodi ina kirungu cha kuzungusha chenye namba za ampea. Kirungu hicho kiwekwe kwenye ampea za kibati, basi. Makosa tunayokutana nayo zaidi ni haya: mashine inakatakata siku ya soko, mtu anazungusha kirungu kutoka 29 hadi 40 "ili isisumbue," na kweli haisumbui tena, mpaka siku inapotoa moshi.

Kuna kosa la pili ambalo hata mafundi hulifanya. Mashine kubwa huwashwa kwa stata ya staa-delta, yenye kontakta tatu. Mara nyingi ovalodi yake hufungwa mahali ambapo hupitiwa na sehemu tu ya umeme wa mota, kama asilimia 58. Ikiwa imefungwa hapo, kwa mota ya ampea 29 kirungu kiwekwe karibu 17. Kikiwekwa 29, ovalodi ipo ukutani lakini ni kama haipo. Muulize fundi wako: "Ovalodi umeifunga wapi, na umeiweka ngapi?" Akikueleza sababu ya namba yake, yuko sawa.

Ongeza rilei ya kulinda fezi

Kifaa cha pili ni rilei ya kulinda fezi. Hii haipimi ampea; inaangalia volti za fezi zote tatu. Fezi ikikosekana, volti zikishuka mno au kupanda mno, au fezi zikiachana sana, inakata kabla koili haijapata joto. Haitaki mota iwake hali ikiwa mbaya.

Inasaidia pia baada ya matengenezo ya laini. Nyaya mbili zikibadilishana nafasi, mota ya fezi tatu huzunguka kinyume. Kinu kinaweza kuharibika, na pampu haitapandisha maji ya kutosha. Rilei inayotambua mpangilio wa fezi hukataa kuwasha mpaka fundi arekebishe.

Ovalodi na rilei zikiwa pamoja, moja inalinda kwa ampea na nyingine kwa volti. Bei ya vyote viwili ni ndogo ukilinganisha na kusuka mota upya na siku mashine inazokaa kimya.

Pampu za kisima na mota za njia moja

Kamati za maji zina tatizo lao. Pampu ya kuzamishwa kisimani hupozwa na maji yanayopita ubavuni mwake. Kiangazi maji yakishuka chini ya pampu, inazunguka kavu, inapata joto na kuungua. Hapa ovalodi haisaidii, kwa sababu pampu isiyo na maji ya kusukuma huvuta ampea chache kuliko kawaida, si nyingi. Inahitajika kinga ya kuzunguka kavu: ama vihisi vya kupima kina cha maji, ama kifaa kinachokata ampea zikipungua mno. Kama kisima chenu hakina, liwekeni jambo hilo kwenye ajenda ya kikao kijacho kabla ya kiangazi.

Mota ndogo za njia moja, kama za pampu za bustani na mashine za kukata majani ya ng'ombe, mara nyingi huharibika kapasita. Dalili yake ni mota kunguruma bila kuanza. Baadhi zina kinga ya joto ndani inayozima mota na kuirudisha yenyewe ikipoa. Kwa hiyo mota iliyozimika ghafla inaweza kuwaka ghafla. Usiingize mkono kabla hujachomoa waya.

Waya wa ardhi ni kwa ajili yako

Vifaa vyote tulivyotaja hulinda mota. Waya wa ardhi hulinda mtu. Utando wa koili ukiharibika na waya ukagusa bodi ya chuma, bodi nzima inakuwa na umeme, na anayeigusa akiwa amesimama kwenye sakafu yenye unyevu anaweza kufa. Waya wa ardhi uliounganishwa vizuri hadi kwenye nondo iliyochimbiwa huupitisha umeme huo, na kifaa cha kukata umeme unaovuja huzima haraka. Ukisikia mashine "inatekenya" mkono, zima swichi kuu na usiwashe tena mpaka fundi apime. Na mvua ya radi ikianza, zima swichi kuu kabla haijakaribia.

Mashine ikikata yenyewe, fanya hivi

Kukata si ugonjwa. Ni taarifa. Kabla ya kubonyeza kitufe cha kurudisha:

1. Zima swichi kuu, na hakikisha hakuna mtu wa kuiwasha wakati unakagua.
2. Subiri dakika 10 hadi 15 mota na ovalodi zipoe.
3. Toa mahindi yaliyobaki kwenye kinu. Zungusha puli kwa mkono. Ikiwa nzito au inakwaruza, tatizo ni kinu au beringi.
4. Angalia mkanda, chekeche, feni na mapezi.
5. Washa swichi kuu uangalie taa tatu. Moja ikiwa haiwaki au ni hafifu, usiwashe mota.
6. Kila kitu kikiwa sawa, rudisha mara moja tu na uwashe kinu kikiwa kitupu.
7. Ikikata tena, acha. Ita fundi. Kurudisha mara ya tatu na ya nne ndiko kunakomaliza mota iliyokuwa bado inapona.

Usitegemee kiganja kupima joto. Bodi ya mota nzima ikiwa kazini inaweza kuwa moto kiasi cha kutoshikika. Cha kuangalia ni mabadiliko: leo imekuwa moto kuliko ilivyozoea, mlio umebadilika, kuna harufu ya vanishi.

Kama imeshaungua

Fundi wa kusuka mota, au kuwaindi kama wengi wanavyosema, akiipokea mota yako, mwombe mambo manne. Waya mpya uwe na unene ule ule na mizunguko ile ile kama wa zamani. Vanishi ikaushwe vizuri kabla mota haijafungwa. Apime kama koili haivujishi umeme kwenye bodi. Kwa kipimo cha volti 500, usikubali chini ya megaomu 1. Na baada ya kuifunga, apime ampea za fezi zote tatu mashine ikisaga, na uziandike kwenye daftari.

Kisha muulize swali la tano, ambalo ndilo kubwa: iliungua kwa nini? Koili zilizoungua zote kwa usawa huashiria mzigo uliozidi au kupoa kubaya. Zilizoungua kwa mafungu, nyingine zikiwa safi, huashiria fezi iliyokatika. Mota iliyosukwa upya na kurudishwa mahali pale pale, bila sababu kuondolewa, itarudi kwa fundi.

Kwa hiyo kesho asubuhi, kabla ya debe la kwanza, fanya mambo mawili. Soma ampea kwenye kibati, kisha kabla hujagusa chochote mwombe fundi akuonyeshe ovalodi imewekwa ngapi. Kama namba hizo mbili hazipatani na fundi hana maelezo, hapo ndipo pa kuanzia.